Bwawani, Saa ya Akina Mama

Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi nilikuwa mlinzi wa mikoba. Hakuna aliyeniajiri. Akina mama walipofika kwenye geti la bwawa, kule Upanga, walinikuta nimeshakaa kwenye benchi ya saruji nje ya ukuta, na mmoja baada ya mwingine wakanikabidhi vitu vyao. "Baba, tushikie." Pochi, mifuko ya nguo kavu, chupa za uji, kandambili. Kisha waliwabeba watoto wao wakaingia ndani, geti likafungwa, nikabaki na askari wa geti ambaye alikuwa na redio yake ndogo na hakupenda mazungumzo.

Binti yangu naye alikuwa humo ndani, na mimi sikuruhusiwa kuingia.

Ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, na mkunga alimpiga makofi ya mgongo mpaka mimi niliyekuwa koridoni nikayasikia. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka sita. Miguu yake ilikuwa inapishana kama mkasi, ngumi amezikunja na kidole gumba kimejificha ndani, na ukitaka kumvisha gauni ilibidi uubembeleze mkono dakika nzima ndipo ukubali kupita kwenye tundu. Mimi ni fundi wa vyerehani. Kibaraza changu kipo Kariakoo, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Chuma kikikaza najua cha kufanya: tone la mafuta, bisibisi na subira. Kwa mwanangu nilikuwa na subira tu, na siku nyingine hata hiyo iliniishia.

Mama yake alikwenda kwao Songea kumuuguza mama yake mzazi. Mama mkwe akapona, akarudi shambani. Mke wangu hakurudi. Nimeulizwa sana kuhusu jambo hilo, na jibu langu limebaki hilohilo.

Aliyetuingiza kwenye mambo ya maji ni dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye sote tulimwita fizio. Alikuwa mdogo kwa umri, mkali kwa sauti. Siku ya kwanza alituambia ukweli bila kuuzungusha: maji hayaponyi, yanasaidia. Yanambeba mtoto uzito wake, na yakiwa ya uvuguvugu misuli inalegea, mtoto anapata nafasi ya kuusikia mwili wake bila kupigana nao. Akatuambia pia kwamba kila mtoto aingie na mtu wake mmoja, yuleyule kila siku, kwa sababu mwili wa mtoto hujifunza kuuamini mkono mmoja kwanza kabla ya mingine.

Bwawa lenyewe ni mali ya jumuiya ya Wahindu. Mmoja wa wazee wanaolisimamia ana duka la vyerehani Kariakoo, na mashine zake zikiharibika huniletea mimi. Yeye ndiye aliyemwombea fizio kona ya maji mafupi, asubuhi hizo mbili. Lakini asubuhi hizo tangu zamani zilikuwa saa ya wanawake wa jumuiya yao kuogelea, na mwanaume hakanyagi, hata yule anayesafisha bwawa husubiri nje. Simlaumu mzee. Alipotoa ruhusa alifikiri kama wanavyofikiri wote, kwamba mtoto wa namna hii huletwa na mama yake.

Hivyo nilihitaji mwanamke wa kuingia na mwanangu majini. Ni ombi gumu kulitamka. Dada zangu wako mbali, na majirani walinionea huruma ya mdomoni, ile ya "pole jamani" huku mtu anaangalia simu. Nikamwendea mtani wangu.

Tulikuwa tumepanga nyumba moja, ile ya zamani ya vyumba sita na ukumbi katikati, milango yetu ikitazamana. Alikuwa mama mjane, Myao wa Tunduru. Alfajiri alikwenda Feri mnadani kununua samaki, asubuhi alirudi akapumzika, alasiri aliwakaanga na jioni akauza barazani. Mimi ni Mngoni. Wazee wetu walipigana sana huko kusini, wakachoka, wakageuza vita kuwa utani. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akakutukana mbele ya jeneza, anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria akala nyama, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini. Huyu mama alikuwa ananitukana tangu wiki niliyohamia, na nisiposikia matusi yake asubuhi nilidhani anaumwa.

"Mngoni kaja kuomba maji kwa Myao," alisema nilipomweleza. "Babu zako walivuka Zambezi wamefumba macho, ndiyo maana mpaka leo mnaogopa hata karo la kuoshea vyombo."

"Utaingia au huingii?"

"Nimekulia kando ya mto Ruvuma mimi. Naingia."

Sheria ya bwawa ilikataza dera na khanga majini, kwa sababu nyuzi zinaziba chujio. Na yeye hakuwa mtu wa kuvaa nguo za kubana mbele za watu. Nikanunua kitambaa cha kuvutika pale Kariakoo, nikafunga sindano ya ncha butu kwenye cherehani ya mteja mmoja, nikamshonea suruali mpaka kifundoni na kanzu fupi yenye mikono na kofia yake. Mimi natengeneza mashine, kushona si kazi yangu, lakini mishono ile niliipiga mara mbilimbili. Alipoivaa alitoka ukumbini akajigeuza mbele ya wapangaji wote. "Mtazameni alichonifanya. Nimekuwa chura."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wao ndani, mimi nje na pochi.

Ukikaa nyuma ya ukuta muda mrefu masikio yanakuwa macho. Nilijua mama gani yuko wapi kwa sauti yake. Fizio aliwataka wawasemeshe watoto wakati wote, ili mtoto ajue aliyemshika yupo, na karibu wote waliwaimbia. Nyimbo za kanisani, za madrasa, za kubembelezea. Mtani wangu hakuimba. Alimtukana. "We Mngoni, achia hiyo ngumi, nani kakwambia kuna vita? Lala hapo. Shingo hiyo, shingo gani kama ya kuku wa mnadani!" Mwanzoni nilisikia akina mama wengine wakinyamaza, nadhani walishangaa. Halafu siku moja nikasikia mtoto anacheka, kicheko kinene, cha kukatikakatika, kama mtu anayeteremka ngazi mbio. Nilijiuliza ni mtoto wa nani. Ilichukua muda kuelewa kwamba ni wangu.

Sikuwahi kukisikia kicheko hicho nyumbani. Nyumbani alitabasamu, aliguna, alitoa sauti zake za kuomba maji na kukataa uji. Nilifurahi, na papo hapo nikajisikia mpweke kiasi cha kutaka kulia, mtu mzima nimepakata pochi nyekundu ya mtu. Askari aliniangalia akaongeza sauti ya redio.

Akina mama walipotoka walikuwa na mazungumzo yao. Walikaa kwenye benchi wakiwakausha watoto, wakipeana chapati, wakisimuliana nani amegeuza shingo, nani amepuliza mapovu. Nilipenda kusikiliza. Lakini nikisogea sauti zilishuka, na mmoja alikumbuka kunishukuru kwa kulinda mikoba, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na mambo yao ambayo hayasemwi mbele ya mwanaume, nami nilikuwa nayo yangu ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Lile neno lilitoka siku ya Alhamisi. Ndani palikuwa kimya, nadhani walikuwa wanawalaza watoto chali na kuwayumbisha polepole, zoezi wanalofanya mwishoni. Nikasikia, "Mama."

Sauti nzito kidogo, imevutwa. Kisha tena, "Mama," safari hii ya kudai. Vikapasuka vigelegele, hata wanawake wa jumuiya walioogelea upande wa pili nikawasikia wakipiga makofi. Nilisimama, mifuko ikaanguka. Miaka sita nilikuwa namlisha, namwogesha, namgeuza usiku asilalie ubavu mmoja, na neno lake la kwanza alilitamka nyuma ya ukuta kwa mtu mwingine.

Mtani alitoka amembeba, wamefungwa khanga moja wote wawili, wanachuruzika maji. Alikuwa anang'aa. Na kwa kuwa ni mtani, alifanya yaliyo haki ya mtani. "Mngoni!" alinipigia kelele kutoka getini. "Babu zenu waliteka watu wetu wakawageuza Wangoni. Leo nami nimeteka mmoja. Umesikia ananiitaje? Huyu hamumpati tena."

Utani mzuri kabisa. Siku nyingine ningemjibu kabla hajamaliza. Nilimnyang'anya mtoto mikononi nikasema, "Huyu si mwanao."

Mtoto alianza kulia, mwili ukakaza palepale, miguu ikapishana. Mtani alikunja khanga yake, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyevunja chombo, kisha akainua kidole kimoja. "Kuku," alisema. "Jogoo. Jioni hii."

Nilimpelekea jogoo. Alimchinjisha, akampika, akatualika wapangaji wote, akasema nyama ya faini ya Mngoni ni ngumu kama mwenyewe. Watu walicheka, nami nikacheka. Mambo yakaisha kama yanavyopaswa kuisha. Lakini nilipofunga mlango wangu nilimkalisha mwanangu kitandani, nikampakata kichwa, nikamwambia, "Sema baba." Alinitazama. "Ba-ba." Alitabasamu, mate yakamtoka, nikayafuta. Nilifanya hivyo jioni nyingi zilizofuata. Sikumwambia mtu, kwa sababu ni aibu mtu na ndevu zake kumbembeleza mtoto amwite.

Kisha ikaja notisi. Mwenye nyumba, kama wenye nyumba wengine wa mtaa ule, alikuwa amepata mtu wa kujenga ghorofa. Tulijua siku moja zamu yetu itafika, maana pande zote mbili palikuwa pameshasimama maghorofa na jua uani kwetu lilikuwa linaingia saa sita tu. Wapangaji walitawanyika, huyu Mbagala, yule Gongo la Mboto. Mimi nilipata chumba upande wa Msimbazi. Mtani alisema Dar imemtosha, anarudi Tunduru kwenye mikorosho aliyoachiwa na baba yake.

Nilimwambia fizio. Alikuwa anakamua nywele zake. Alifikiri, kisha akasema waziwazi kwamba ana watoto wengi na hawezi kumshika mmoja saa nzima, na kila mama ana wake. Bila mtu wa kuingia naye, mwanangu itabidi akae nje. Na mazoezi yakikatika, alisema, tutarudi nyuma: mikono iliyoanza kufunguka itafunga, mgongo nao utafuata. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilikwenda dukani kwa mzee wa jumuiya. Alikuwa anahesabu bobini za uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mashine gani imekufa?"

"Hakuna mashine. Nataka kuingia kwenye maji."

Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye lile neno la Alhamisi nikaangalia bobini. Mzee aliziweka bobini kando. Akasema hawezi kuigusa saa ya wanawake, wangemtoa yeye mwenyewe kwenye uongozi, na alikuwa anasema kweli. Lakini atawauliza wenzake. Siku chache baadaye alinipigia simu: wanawake wakishatoka, kabla mtu wa bwawa hajamwaga dawa ya maji, pana nafasi fupi. "Wewe peke yako na mtoto, fundi. Na usivae kaptula ya kazini."

Mtani alinifundisha juu ya godoro, ukumbini, katikati ya vyombo vilivyofungashwa. Alimlaza mtoto chali. Kiganja kimoja hapa, chini ya kisogo, vidole vimefunguka. Kingine hapa, chini ya kiuno. Usimbane. Usimnyanyue. Mshike kama unashika maji yenyewe. Nilipokosea alinipiga kofi la mkono. Siku ya kuondoka, begi likiwa tayari barazani, aliinama kwenye uso wa mwanangu. "Mtani, nakwenda kuwaambia Wayao nimekuacha kwa Mngoni mwenzako, wasije kukudai." Mtoto alicheka. Yeye alipoinuka alikuwa analia, akanikataza kwa mkono nisiseme lolote.

Mara ya kwanza niliyoingia bwawani palikuwa kimya mpaka nikasikia chujio linavyonguruma. Akina mama, mikoba, vigelegele, vyote vilikuwa vimeshaondoka. Fizio alikuwa amesimama ukingoni na nguo zake kavu. Mimi ni mtu wa milimani, mto wa kwetu ukifika magotini watu wanasema umefurika. Niliteremka ngazi nimemkumbatia mtoto, nikasimama wima, maji yakiwa tumboni, nikamlaza kama nilivyofundishwa.

Akakaza. Alikuwa chuma kitupu. Shingo ilirudi nyuma, maji yakamwingia puani, akakohoa, akalia, na macho yake yalikuwa getini. Nilijua anamtafuta nani. Nikamwimbia, akalia. Nikajaribu kumtukana, lakini baba si mtani wa mwanawe na matusi yangu yalitoka kama ugomvi. Nikamwambia baba yupo, baba yupo. Tulitoka kabla ya muda wetu. Njia nzima ya kurudi Msimbazi alikuwa amegeuzia uso begani kwangu, na mimi nilikuwa na hasira na kila mtu: mke wangu, mtani wangu, mwenye nyumba, Zambezi.

Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu.

"Baba," fizio aliniambia siku hiyo ya tatu, "shuka."

"Nimeshashuka."

"Umesimama kama unapanga foleni. Unamshika kutoka juu. Kunja magoti, maji yafike mabegani. Uso wako uwe usawa wa uso wake. Mwenzio alikuwa anafanya hivyo."

Hilo mtani hakunifundisha. Juu ya godoro haliwezekani, na huenda kwake halikuwa jambo la kufundishwa. Mimi niliogopa. Nilisema kwa sauti kwamba naogopa, na fizio akajibu, "Najua. Shuka."

Nikakunja magoti. Maji yalinipanda kifuani, yakanishika koo, yakanigusa kidevu, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka nadhani yalitikisika. Uso wake ulikuwa pale, karibu na wangu, macho ameyafumba, masikio yamezama, nywele zimetawanyika. Sikuimba wala sikusema baba. Nilikuwa nashughulika na kupumua tu. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akaja nami. Nikayumba kushoto, akayumba. Kichwa chake kilikuwa kizito kwenye kiganja changu, uzito wa mtu aliyeacha kujizuia, ambao sikuwahi kuusikia tangu azaliwe. Miguu ikaachana. Niliona ngumi ya kulia inafunguka, kidole gumba kikatoka nje, cheupe na chenye makunyanzi ya maji.

Alifumbua macho. Hakuangalia getini. Aliniangalia mimi, kwa muda, kama anayesoma kitu.

"Mama," akaniita.

Hapakuwa na mtu wa kupiga kigelegele. Fizio alikuwa amenipa mgongo, anatafuta kitu kwenye mfuko wake au anajifanya anatafuta. Ningeweza kumsahihisha mwanangu, nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, nimelifanyia mazoezi jioni nyingi.

"Abee," nikaitika.